Koga ya Durban na fedha za kuiondoa: nani alipe?

Mvua za Durban huanza kushika mwezi wa Oktoba na haziachi vizuri mpaka Machi. Zikikatika, katika nyumba za kupanga hubaki ugomvi ule ule. Kona ya chumba cha kulala imepiga weusi, kabati la nguo likifunguliwa linatoa uvundo, mtoto anakohoa usiku kucha. Mwenye nyumba anasema mpangaji hafungui madirisha. Mpangaji anasema nyumba mbovu. Dalali hapokei simu.

Tunaizungumza koga. Wengine huiita kuvu, wengine kawa, wengine ukungu. Jina si hoja. Tunaiandikia tahariri kwa sababu wapo wasomaji wetu wa Maskati, Dubai na Doha wenye mtu wao Durban. Mtoto anasoma Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, dada kaolewa huko, au familia imenunua fleti karibu na bahari kwa ajili ya likizo. Kodi na matengenezo vinalipwa kutoka Ghuba, na anayelipa mara nyingi hajauona ukuta wenyewe ila kwenye picha ya WhatsApp.

Rai yetu ni hii. Fedha nyingi zinazotolewa kuondoa koga zinapotea bure, kwa sababu zinalipia doa na kuyaacha maji. Na nyingine zinatoka kwenye mfuko usiohusika, kwa sababu kuna karatasi moja haikuandikwa siku ya kuhamia.

Tuanze na mji wenyewe. Durban iko kwenye Bahari ya Hindi kama zilivyo Zanzibar na Mombasa, na mkondo wa maji ya uvuguvugu wa Agulhas unapita mbele yake. Kwa mwaka inapata mvua ya takriban milimita 1,000, na sehemu kubwa inanyesha katika miezi yao ya joto. Maskati tunaujua unyevu wa Juni, lakini mvua hatuna wakati huo. Durban joto, unyevu na mvua vinakuja pamoja, na ukuta ukiloa haupati nafasi ya kukauka kabla ya kuloa tena.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni wa kutoka Ghuba hulijua akishachelewa. Huko jua linapita upande wa kaskazini. Sisi tumezoea kwamba ukuta wa kusini ndio unaoota jua wakati wa baridi. Durban ni kinyume chake. Chumba chenye dirisha la kusini peke yake hakipati jua la maana Juni na Julai, na dhoruba zinazoletwa na pepo za baridi nazo mara nyingi huja kutokea kusini. Chumba hicho hicho ndicho dalali atakachokisifia kwa bei nafuu. Mzazi anayetumiwa picha za fleti na aulize swali moja kabla ya yote: dirisha linatazama wapi?

Majengo ya zamani ya ufukweni, pande za South Beach na Point, yana ugonjwa wao mwingine. Fremu nyingi za madirisha ni za chuma, na chuma kwenye hewa ya chumvi hula kutu, kikavimba, kikapasua plasta ya pembeni. Mvua inaingia kwenye ufa mdogo usioonekana kutoka ndani. Chumvi yenyewe ikishaingia ukutani inavuta unyevu kutoka hewani hata siku isiyokuwa na mvua. Unaona ukuta umeloa jua linawaka nje, unadhani bomba limepasuka. Kumbe ni chumvi.

Halafu yako mafuriko. Tarehe 11 na 12 Aprili 2022 mvua iliyoipiga Durban na jirani zake haikuwa mchezo; kuna vituo vilivyopima zaidi ya milimita 300 kwa saa 24. Watu zaidi ya 400 walifariki katika jimbo la KwaZulu-Natal, na maelfu ya nyumba ziliharibika. Habari zilikuwa za maiti, madaraja na makontena yaliyosombwa barabarani, na ndivyo ilivyostahiki. Lakini nyumba zilizobaki zimesimama nazo zilikunywa maji. Ukuta wa tofali ulioloa mpaka ndani unachukua wiki, pengine miezi, kukauka. Watu walipaka rangi mapema ili warudi kuishi au wapangishe, na rangi ikayafungia maji ndani.

Wasomaji wa Imarati na Oman hawahitaji kuelezwa zaidi hapo. Baada ya mvua ya tarehe 16 Aprili 2024, kuna mitaa ya Sharjah iliyokaa na maji siku kadhaa. Waliorudi wakaanika mazulia, wakapaka rangi, wakashukuru Mungu, kisha baada ya wiki chache wakaanza kusikia ile harufu.

Sasa tuijue adui yetu. Mbegu za koga hazina kwao. Ziko hewani kila pahala, ndani na nje, Durban, Salala na Shangani. Huwezi kuzimaliza. Zinachongoja ni maji na chakula kidogo, na chakula ni chochote: karatasi ya dari la jipsamu, vumbi la rangi, gundi ya kabati, godoro, viatu vya ngozi. Kitu kikikaa kimeloa saa 24 mpaka 48, koga inaanza. Kikikauka kabla ya hapo, mara nyingi umepona. Kwa hiyo katika hesabu nzima ya koga, kitu pekee unachokimiliki ni maji.

Na maji hayo yana mlango wake. Yanaweza kuwa ya nje: paa linalovuja, mfereji wa paa ulioziba kwa majani, ufa wa dirisha, ardhi inayopandisha unyevu kwenye msingi. Yanaweza kuwa ya bomba: bafu la fleti ya juu, au ile hita ya maji ya moto ambayo Afrika Kusini kwa kawaida huwekwa juu ya dari na ikianza kutoboka inadondosha kidogo kidogo mwaka mzima. Au yanaweza kuwa yetu wenyewe: mvuke wa kupika, wa kuoga, wa nguo zinazoanikwa ndani, wa watu sita kulala chumba kimoja madirisha yamefungwa kwa kuhofia wezi. Mvuke unakutana na ukuta wa baridi, ukuta unatoka jasho, na koga inakunywa jasho hilo.

Kuyatofautisha si lazima umlipe mtu. Doa linaloshuka kutoka juu, lenye pete ya rangi ya chai na linalokua kila baada ya mvua, ni maji ya paa au ya bomba. Doa linalopanda kutoka sakafuni na kuishia kiunoni, rangi inamenyeka na unga mweupe unatoka, ni maji ya ardhini na chumvi. Koga ya madoadoa iliyotapakaa kwenye kona, nyuma ya kabati na juu ya dirisha, mara nyingi ni jasho. Na likikushinda, bandika kipande cha karatasi ya foili ya jikoni ukutani, uizungushe gundi pande zote nne, uiache siku moja au mbili. Ikiloa upande wa mbele, unyevu unatoka hewani mwa chumba. Ikiloa upande wa nyuma, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Piga picha zote mbili, pamoja na tarehe. Picha hiyo inaweza kuja kuwa na thamani kuliko foili boksi zima.

Maana hapo ndipo ugomvi wa nani alipe unapoamuliwa. Maji ya nje na ya bomba ni ya mwenye jengo. Jasho linaweza kuwa la mpangaji, ingawa si kila mara: bafu lisilo na dirisha wala feni ya kutoa hewa halikujengwa na mpangaji.

Kwenye kusafisha tuwe na kiasi. EPA, shirika la mazingira la Marekani, linasema kama eneo lenye koga halizidi futi tatu kwa tatu hivi, mtu wa kawaida anaweza kulisafisha mwenyewe. Ukuta wa plasta, vigae na vioo husafishwa kwa maji ya sabuni na burashi, kisha hukaushwa kabisa. Vaa glavu na barakoa, fungua madirisha, mtoto mwenye pumu atoke nje. Usiifagie wala kuikwangua ikiwa kavu, itaruka chumba kizima. Jiki inauzwa kila duka la Durban na inaondoa weusi haraka, lakini inaondoa rangi ya koga zaidi kuliko mizizi yake kwenye vitu vinavyonyonya maji, na EPA haiipendekezi iwe dawa ya kila siku.

Hapa tunaomba tusikilizwe sana. Usichanganye Jiki na siki, wala na dawa ya choo, wala na kitu chochote chenye amonia. Wapo wanaodhani dawa mbili zina nguvu kuliko moja. Mchanganyiko huo unatoa gesi yenye sumu, na ndani ya bafu dogo lililofungwa unaweza kumwangusha mtu.

Vitu vinavyonyonya ni hesabu nyingine. Dari la jipsamu lililoota koga halisafishwi, linakatwa na kutupwa. Godoro vilevile, na zulia lililolala na maji. Inauma, hasa zulia la kutoka nyumbani. Lakini kumlipa mtu akuoshee godoro lililokwisha kuota koga ndani ni kulipa mara mbili, kwani godoro jipya utalinunua tu.

Na rangi je? Rangi juu ya koga ni pazia. Zile zinazouzwa kuwa zinazuia koga zina kazi yake bafuni na jikoni, baada ya ukuta kusafishwa na kukauka. Juu ya ukuta unaovuja hazimalizi msimu.

Wazee wetu wa Mji Mkongwe walikuwa na koga pia, tusijidanganye, lakini nyumba zao za mawe na chokaa zilipumua: ukuta ukinywa maji masika, uliyatoa kiangazi. Matatizo mengi ya nyumba hizo yameanza tulipozipaka saruji, ambayo inayafungia maji ndani yaoze boriti. Fleti ya Durban ya tofali, saruji na rangi ya plastiki haipumui hata kidogo. Ile tabia ya kuiacha nyumba "ijikaushe yenyewe" tuliirithi kutoka kwenye nyumba za aina nyingine.

Tumerithi na udi. Hili tunalisema kwa mapenzi, maana hatujui nyumba ya Kiswahili ya Ghuba isiyokuwa na chetezo. Mgeni anakuja, kabati linanuka, basi inafukizwa nyumba nzima na nguo zote. Harufu ya koga inafichika kwa saa chache, na pua, ambayo ndiyo kengele ya kwanza ya nyumba, inanyamazishwa. Mtoto mwenye kifua anapata koga na moshi kwa pamoja. Fukizeni, lakini baada ya kujua uvundo unatoka wapi.

Hiki kifua si hadithi ya kutishana. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2009 lilieleza kwamba wanaoishi kwenye majengo yenye unyevu na koga wako kwenye hatari kubwa zaidi ya matatizo ya kupumua, maambukizi ya njia ya hewa na kuzidiwa na pumu. Na kuna kisa kimoja ambacho kila familia ya Kiarabu inayopanga ugenini inapaswa kukijua, ingawa hakikutokea Durban. Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili wa wazazi kutoka Sudan waliokuwa wakiishi Rochdale, Uingereza, alifariki Desemba 2020. Novemba 2022 mahakama ya uchunguzi wa vifo ilieleza kwamba kilichomuua ni maradhi ya njia ya hewa yaliyotokana na kukaa muda mrefu kwenye koga ya fleti yao. Baba yake alilalamika tangu mwaka 2017. Aliambiwa apake rangi.

Shirika lililomiliki fleti hiyo baadaye lilikiri kwamba lilikuwa na dhana zake kuhusu mtindo wa maisha wa familia, na kwamba lilikosea. Jamani, hilo neno "mtindo wa maisha" tulikumbuke. Ndilo atakaloambiwa mpangaji yeyote mwenye jina la kigeni, popote alipo: mnapika sana, mnaoga sana, mnatawadha, mko wengi. Pengine ni kweli tunapika sana. Lakini kupika hakutoboi paa. Uingereza ilitunga sheria inayobeba jina la Awaab, na tangu Oktoba 2025 wenye nyumba za kijamii huko wana siku za kuhesabu za kuchunguza na kurekebisha. Afrika Kusini haina sheria ya koga ya namna hiyo, ila ina sheria ya kupanga nyumba ambayo wageni wengi hawaijui, na iko wazi kuliko wanavyodhani.

Sheria ya Nyumba za Kupanga, namba 50 ya mwaka 1999, inataka mpangaji na mwenye nyumba waikague nyumba pamoja kabla ya mpangaji kuhamia, na kasoro zote ziandikwe na kuambatanishwa na mkataba. Hiyo ndiyo karatasi tuliyoitaja mwanzo. Amana, ambayo kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja au miwili, inawekwa kwenye akaunti inayozaa, na faida hiyo ni haki ya mpangaji. Tunajua familia zetu nyingine hazitaki faida ya benki. Hilo ni lao na dini yao. Lakini amana yenyewe si faida, ni mali yao, na isiliwe kwa kisingizio cha doa lililokuwepo kabla hawajafika.

Mwisho wa mkataba kuna ukaguzi wa pamoja tena, ndani ya siku tatu kabla haujaisha. Mwenye nyumba asipofanya ukaguzi huo na mpangaji, sheria inamhesabu kuwa amekubali nyumba iko sawa, na hana dai tena kwenye amana. Akikata fedha za matengenezo, lazima risiti ziwepo mpangaji azione. Hapa ndipo maneno mengi yanapokwisha. "Nimemlipa fundi wa koga" bila risiti ni maneno tu.

Tuchukue mfano. Tuseme kodi ni randi 8,000 kwa mwezi, na amana ni hivyo hivyo. Dirisha la kusini linavuja pembeni. Tiba ni kukwangua kutu, kuziba ufa kwa nje kwa silikoni, na nusu siku ya fundi. Mwenye nyumba hafanyi, maana yeye hakai humo. Mpangaji ananunua Jiki mwezi huu, rangi mwezi ujao, kisha anashauriwa anunue mashine ya kukausha hewa. Mashine ya wati 300 ikifanya kazi saa 10 kwa siku inakula yuniti 3. Ukikadiria yuniti kwa randi 3 na ushei, ni karibu randi 10 kila siku, randi 300 kwa mwezi. Mpangaji amekuwa anailipia umeme mvua iliyo ndani ya ukuta wa mtu mwingine. Na akihama, randi 8,000 zake zinakatwa "kwa ajili ya koga".

Mashine hizo si mbaya. Kwa jasho la chumba zinasaidia, hasa ukiwa na kipimo kidogo cha unyevu ukutani na ukajitahidi kisipande juu ya asilimia 60. Siku nyingi za Januari Durban ukifungua dirisha unaingiza unyevu zaidi ya unaoutoa, kwa hiyo lile agizo la "fungua dirisha" halina jibu moja mwaka mzima. Unapopika na kuoga, fungua. Usiku wa ukungu wa bahari, funga. Kabati lisigusane na ukuta wa nje, liache upana wa kiganja. Nguo zikianikwa ndani ya chumba cha kulala, mashine yoyote utakayonunua itachoka.

Wapo pia wanaouza hofu. Mtu anakuja na kifaa, anachukua sampuli ya hewa, anakuletea karatasi yenye majina ya Kilatini na neno "sumu", kisha bei. CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, hakipendekezi vipimo hivyo kuwa jambo la kawaida, kwa sababu matibabu hayabadiliki: koga ya aina yoyote inaondolewa na maji yanazuiwa. Weusi wake peke yake hauonyeshi kuwa ina sumu. Kabla ya kumlipa mtu apime hewa, mlipe mtu apande juu ya paa.

Aliyenunua fleti naye asijione yuko salama. Katika majengo yenye wamiliki wengi, mpaka wa fleti yako ni katikati ya unene wa ukuta. Upande wa nje, paa na sehemu za pamoja ni dhamana ya umoja wa wenye fleti, unaoendeshwa chini ya sheria namba 8 ya mwaka 2011 na kwa michango ya kila mwezi mnayolipa. Maji yakipenya kutoka nje, barua iende kwao kwa maandishi, si kumwambia mlinzi wa getini. Wakikaa kimya, kuna CSOS, chombo cha serikali cha kusuluhisha migogoro ya makazi ya namna hiyo. Msomaji aliyeko Abu Dhabi mwenye fleti iliyofungwa miezi tisa kwa mwaka tunamshauri amlipe mtu aifungue na kuikagua, hasa Novemba hadi Machi. Koga haingoji likizo.

Bima nayo ina mipaka yake. Kwa kawaida inalipa tukio la ghafla, kama hita ya maji iliyopasuka leo. Maji yaliyovuja taratibu na koga iliyoota kwa miezi huhesabiwa kuwa uzembe wa matunzo na hukataliwa. Siku mbili za kuchelewa kutoa taarifa zinaweza kugeuza dai halali kuwa dai bovu.

Durban ina Wazanzibari wake wa tangu mwaka 1873, wajukuu wa watumwa walioachiwa huru na kushushwa huko, wengi wao asili yao Wamakua. Walikaa King's Rest, kwenye Bluff, mpaka utawala wa ubaguzi ulipowahamisha kwenda Chatsworth mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tunawataja kwa sababu mwenye nyumba ndogo ya urithi hana wa kumdai, na ushauri wote wa mikataba haumfai. Kwake tunasema kama ana fedha ya kitu kimoja tu mwaka huu, iende kwenye paa na mifereji yake. Rangi ingoje.

Kwa mpangaji mwenye ugomvi, lipo Baraza la Nyumba za Kupanga la jimbo, lenye ofisi Durban. Kulalamika ni bure, wakili si lazima, na uamuzi wake una nguvu kama wa mahakama ya hakimu. Ila asiache kulipa kodi kwa hasira. Kesi ikiwa mbele ya Baraza, mwenye nyumba hawezi kumtoa mpaka uamuzi utoke au miezi mitatu ipite, lakini mpangaji naye anatakiwa kuendelea kulipa. Aliyekata kodi kimya kimya hufika barazani yeye ndiye mdaiwa.

Wazazi wa wanafunzi, mikataba mingi ya watoto wenu inaisha Novemba au Desemba, mvua zikiwa zimeshika. Mtoto ana hamu ya kurudi nyumbani, tiketi imekatwa siku ya mtihani wa mwisho, ufunguo anamwachia mwenzake. Mwenye nyumba akimwita kwenye ukaguzi naye keshapanda ndege, sheria inamruhusu aikague peke yake ndani ya siku saba baada ya mkataba kuisha, aandike anachokiona, akate, na arudishe kilichobaki ndani ya siku 21. Kabla hamjakata tiketi, angalieni tarehe ya mwisho ya mkataba, mumwombe mwenye nyumba kwa maandishi apange siku ya ukaguzi, na mtoto asiondoke mpaka karatasi iwe na sahihi mbili.